Marehemu Aliyenunua Darubini

Kongoni ni mnyama mwenye dharau, na hakuna mtu kati ya Haneti na reli aliyelijua hilo kuliko Mzee Yotham. Mwaka uliotangulia alimfyatulia kongoni mmoja risasi tatu, mchana kweupe, na kongoni hakukimbia. Hata sikio hakutikisa. Mzee Yotham alipomsogelea ili amshangae kwa karibu, akakuta ni kichuguu.

Angekuwa peke yake, habari ingeishia palepale, tena ingefika nyumbani ikiwa imeota makucha na kuwa habari ya chui. Lakini siku hiyo alifuatana na watu wanne wa kubeba nyama, na watu wanne wa kubeba nyama wakikosa nyama hubeba maneno. Kabla jua halijazama, kijiji kizima kilikuwa kinamuuliza kama kichuguu huanza kuchunwa mkiani au shingoni.

Mkewe, Anyesi, hakucheka. Alingoja mwaka ugeuke, msimu wa leseni urudi, ndipo alipomwekea ugali mezani na kusema:

"Yotham, macho yako yamestaafu pamoja na wewe. Yule Denis wa pale chuoni Hombolo anaitaka bunduki. Nimemwambia aje Jumapili."

"Bunduki yangu?"

"Bunduki yetu. Mafuta ya kuipaka nani ananunua?"

"Mama, mtu hauzi bunduki kwa sababu ya kichuguu kimoja."

"Basi leta nyama kabla ya Jumapili. Ukileta, nitanyamaza mpaka nife. Usipoleta, inakwenda Hombolo, na wewe utawinda panya kwa fimbo."

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Kicheki, kitako cha mti mwekundu, mtutu mrefu kama deni la harusi. Mzee Yotham aliinunua kwa Mgiriki mmoja, mkandarasi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, enzi zile yeye mwenyewe bado yuko reli, kazi yake kugeuza njia ili treni zisikutane uso kwa uso, na kuinua bendera. Aliipa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa ukiikaribia bila adabu inakurudi. Kwa bunduki hiyo, ukimsikiliza mwenyewe, aliwahi kumpiga digidigi, risasi ikapita, ikagonga jiwe, ikarudi, ikamuua nyoka aliyekuwa amejikunja nyuma ya kisigino chake, kisha ikaanguka chini bado ya moto, akawashia sigara. Watu walicheka, lakini walitazama ukutani, wakaiona bunduki inaning'inia pale, wakaacha robo ya akili zao iamini. Mzee Yotham aliogopa robo hiyo ipotee. Hadithi isiyo na bunduki ukutani ni uongo mtupu, na mzee mwenye uongo mtupu ni mzee tu, kama wazee wengine wanaokohoa.

Dawa yake aliijua. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mambo ruksa, na mjini Dodoma sabuni iliyokuwa ikitafutwa kwa barua sasa imepangwa madukani rangi saba. Kama sabuni imerudi, darubini ya bunduki itakosekana? Jumatano alfajiri akaviringisha Mama Mkwe ndani ya blanketi, akatia leseni ya kuwinda na kibali cha polisi kwenye mfuko wa ndani, akafunga pesa za zabibu na kijisehemu cha pensheni kwenye leso, akapanda lori la alizeti.

Aliyemwendea ni Abbasi, fundi bunduki mwenye leseni, ambaye dukani kwake uliweza kupata pia spoku za baiskeli, betri za redio na nyavu za kuzuia kuku. Abbasi alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo mtani. Wagogo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, babu zake Abbasi walipokatisha Ugogo na meno ya tembo begani, na babu zake Yotham wakawatoza hongo kwa kila kibuyu cha maji. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana, kukuvua kofia, kukufungia njia, na wewe dawa yako ni kumrudishia zaidi ya alivyokupa.

"Mbukwa!" Abbasi alipaza sauti kutoka ndani, kwa salamu ya Kigogo, hata kabla mgeni hajakanyaga kizingiti. "Ficheni sarafu, Mgogo kaja! Hatuna, mzee, pita duka la pili!"

"Mwangaluka, mpagazi!" Mzee Yotham alimjibu kwa salamu ya kwao. "Tua mzigo kwanza nikuone uso. Na maji ya babu yako hayajalipwa mpaka leo, nimekuja na daftari."

Walipochoka kutukanana wakapeana mikono kwa furaha. Mzee Yotham akaeleza shida yake, isipokuwa kichuguu. Mahali pa kichuguu aliweka ukungu. Abbasi akatandika kipande cha kanga juu ya meza na kupanga darubini tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya Kijerumani. Mzee Yotham aliichungulia, akaona nzi ametua kwenye ukuta wa msikiti ng'ambo ya barabara, akakaribia kumsalimu. Akauliza bei. Akairudisha juu ya kanga polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudisha mtoto mchanga wa tajiri.

Ya pili ilikuwa imekuja na mizigo ya Dubai. Nene kama chupa ya chai, inameta, ina pete ya kuzungusha inayovuta vitu karibu kuanzia mara tatu hadi mara kumi na mbili. Bei yake ililingana kabisa na leso, hata ikabaki nauli. Ya tatu ilikuwa kitu cha kusikitisha: bomba jembamba la chuma, rangi imebanduka, mkwaruzo pembeni, na uwezo wake ni kuvuta mara nne, basi, haiongezeki wala haipungui. Hiyo ilikuwa ya marehemu mpima ardhi mmoja. Na hiyo, kwa maajabu ya dunia, ilizidi bei ya ile ya Dubai kwa robo nzima.

"Mtani, umelewa," alisema Mzee Yotham. "Hiki kikongwe kinazidi bei hii nyota?"

"Kikongwe kinajua kazi."

"Mara nne na mara kumi na mbili, hesabu gani hiyo? Kwenu Tabora mnahesabu kurudi nyuma?"

"Wewe nunua hiyo kubwa," Abbasi alisema, akijifanya anafukuza nzi. "Nitafurahi. Nimechoka kuifuta vumbi."

Maneno hayo yakamtia Mzee Yotham wasiwasi. Mfanyabiashara akikusukumia kitu, kimbia. Akikukatalia kitu, fikiri. Lakini huyu ni mtani, na mtani anaweza kukusukumia ili ukatae, au kukukatalia ili ununue. Akaona jambo hili haliamuliwi kwa mdomo. Akaomba atoke nazo mpaka jioni. Abbasi akakubali, ila ile ya Kijerumani haitoki ("hata mimi naitazama sikukuu tu"), na kwa rehani akabaki na bunduki, kofia, na viatu vya Mzee Yotham.

Mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini ana njia yake ya kupima macho. Mzee Yotham alikwenda pekupeku mpaka stesheni, akaomba gunia la mahindi, akalilaza ukingoni mwa uwanja wa mabehewa, akajilaza nyuma yake. Kule mbali palisimama mabehewa ya mizigo, kila moja na namba zake nyeupe ubavuni. Namba hizo ndizo zilizokuwa alfabeti yake. Alianza na nyota ya Dubai. Akazungusha pete hadi mwisho, behewa likaja mbio mpaka karibu limkanyage. Moyo ukamruka kwa furaha. Akasoma namba nane. Akairudisha pete mpaka mara tatu, bila kuigusa darubini pengine popote, na zile nyuzi mbili zilizopishana ndani, alizokuwa amezikalisha katikati ya nane, zikahama zenyewe kama mpangaji asiyelipa kodi, zikaenda kukaa kwenye namba mbili.

"Ala!" Mzee Yotham aliiambia. "Nimekutuma kwa nane."

Akarudia mara tatu. Kila alipozungusha pete, nyuzi zilihamia behewa lililozipendeza. Jua likazidi kuinama, saa ambayo kongoni hutoka vichakani, na nyota ile ikaanza kuona giza kabla ya watu: kwa mara kumi na mbili mabehewa yakawa uji wa mtama.

Akachukua kikongwe. Kwanza akakigonga kiganjani, hakikulia njuga. Akakilaza juu ya gunia. Behewa halikuja mbio. Lilikuja kwa adabu, likasimama umbali wa mtu unayemheshimu, na namba zikasomeka. Jua likagusa vilima, zikasomeka. Jua likazama, taa za stesheni zikawashwa, na bado nane ilikuwa nane.

"Mzee. Unafanya nini hapo?"

Alikuwa askari, mkono kiunoni, na haki yake: mzee pekupeku amelala kifudifudi analenga bomba kwenye mali ya reli.

"Shikamoo, afande."

"Shikamoo mimi? Mimi ndiye nikuamkie wewe. Shikamoo. Unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Mabehewa."

Askari akataka kuona kitabu chenyewe. Mzee Yotham akampa leseni, kibali, kisha darubini zote mbili. Dakika tano baadaye askari alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, kofia pembeni, anasoma namba kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipoinuka akajifuta vumbi na kutoa hukumu: ile kubwa ni pambo la sebuleni, ile ndogo ina macho, na yeye hajawahi kumwona Mzee Yotham hapa wala popote.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi shida ilibaki moja: robo. Leso ilitosha bei ya ile ya Dubai tu, na Abbasi alikuwa amekaa nyuma ya meza akitabasamu kama mtu aliyelala vizuri.

"Punguza, mtani."

"Maji ya babu yangu mlipunguza?"

"Nitakuletea paja la kongoni."

"Kongoni wa ukungu? Nimesikia habari zake. Ritha wa vitunguu kanisimulia sokoni. Pembe zake za udongo, sivyo?"

Hapo Mzee Yotham akaona mlango wa heshima umefungwa, amebakiwa na mlango wa utani. Akaenda kizingitini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajinyoosha chali, akafunga macho.

"Nimekufa," alisema. "Bei yako imeniua. Mtani nizike."

Sasa, maiti ya mtani hairukwi. Mteja aliyetaka betri akasimama nje. Wa spoku akasimama nyuma yake. Mzee Yotham alihesabu kwamba kabla ya mteja wa tano robo itakuwa imesamehewa. Lakini alisahau kuwa Wanyamwezi nao wana shule yao ya utani. Abbasi hakubembeleza. Alichukua shuka jeupe, akamfunika marehemu mpaka utosini, akaacha miguu nje, akawasha udi, akamwekea bakuli la bati juu ya tumbo, kisha akakaa chini na kuachia kilio kilichosikika mpaka stendi.

"Uwiii! Mgogo wangu! Ameniachia nani wa kumtukana! Rambirambi, jamani! Amekufa akidaiwa robo!"

Soko likajaa. Waliojua utani walicheka mpaka wakashikana, wakatia sarafu, kila mmoja na neno lake. Mmoja alisema marehemu ana miguu mirefu, kaburi liongezwe. Mwingine alitia noti, akasema ni ya kuhakikisha harudi. Bakuli likawa linapanda na kushuka juu ya tumbo kwa sababu marehemu alikuwa anacheka chini ya shuka.

Ndipo Mzee Yotham alipoisikia sauti anayoifahamu.

"Miguu hii si ya Mzee Yotham? Yesu wangu! Ni Mzee Yotham!"

Alikuwa Ritha, muuza vitunguu wa kijijini kwao, amefika nyuma ya kundi, haoni uso wa Abbasi, anaona shuka na udi. Alilia machozi ya kweli. Alitia bakulini pesa yake ya vitunguu, akasema lori linaondoka sasa hivi, mama Anyesi lazima aambiwe. Mzee Yotham angeweza kuinuka. Alilifikiria jambo hilo kabisa. Lakini aliuhisi uzito wa bakuli juu ya tumbo lake, na uzito ulimwambia bado kidogo. Alipoamua kuinuka, lori lilikuwa limeshapiga honi na kuondoka.

Robo ilitimia, ikazidi. Abbasi, akifuta machozi ya kicheko, akaifunga darubini juu ya Mama Mkwe kwa bangili mbili za chuma. Hakupoteza risasi hata moja kuilenga: alichomoa komeo la nyuma ya mtutu, akakaza bunduki kwenye jiriwa, akachungulia ndani ya mtutu wenyewe mpaka akaliona bomba la tangi la maji katikati ya tundu, kisha akazungusha skrubu ndogo za darubini mpaka nyuzi nazo zikakaa juu ya bomba lilelile.

"Mtutu na jicho sasa wanatazama mahali pamoja," alisema. "Hatua mia, mia na ishirini, usivuke hapo. Na sikiliza, marehemu. Jicho likae vidole vinne nyuma ya kioo. Vinne. Ukilisogeza kama unachungulia bafuni kwa watu, kioo kitakubusu."

"Unamfundisha nani? Mimi bunduki nimeishika kabla babu yako hajatua mzigo."

Ijumaa alasiri lori la kurudi lilimshusha njia panda. Alitembea kuelekea kwake akipiga mluzi, mpaka aliposikia wimbo wa kanisani, wa polepole, na kuona moshi wa moto mkubwa uani. Watu walijaa mpaka kwenye zizi. Wanawake wameketi chini, vichwa vimefungwa kanga. Wanaume wamezunguka moto. Mwinjilisti amesimama na kitabu. Mzee Yotham akavua kofia, kama adabu inavyotaka, akachuchumaa nyuma ya jirani mmoja aliyekuwa anachochea kuni.

"Pole, mwenzangu. Nani amefariki?"

"Yotham," alijibu jirani, bila kugeuka.

"Yotham yupi?"

"Yotham ni wangapi? Yule mwongo."

Mzee Yotham akauliza tena: "Alikuwa mtu mzuri?"

"Mwongo, lakini mzuri. Nilimdai shoka langu, lakini leo nimesamehe." Jirani akageuka kuchukua kuni.

Ukelele alioutoa ulikatiza wimbo katikati ya ubeti. Wengine walikimbia, wengine walipiga magoti, mwinjilisti alifungua kitabu akakifunga. Anyesi peke yake alitembea. Alikuja polepole kupitia katikati ya watu, akamtazama utosini mpaka viatuni, akamgusa shavu kwa kidole, akaona lina joto. Kwa dakika moja macho yake yalijaa maji. Kisha akauona mtutu ndani ya blanketi, na kile kibomba juu yake, na maji yakakauka.

"Umekufa kwa ajili ya hiki?"

"Bei ilikuwa juu kidogo, mama."

"Watu mia na ishirini, Yotham! Wamelala hapa jana! Vijana wangu wawili wamekwenda Dodoma kuchukua maiti, mmepishana nao njiani! Ritha hajala tangu jana kwa kulia!"

"Nataka pesa yangu ya vitunguu," alisema Ritha kutoka chini, akijipangusa pua.

Mtu anaweza kufuta msiba, lakini hawezi kufuta waombolezaji. Kwa Wagogo aliyekuja kulia haondoki na tumbo tupu, awe marehemu yupo au amerudi. Macho ya watu yakaanza kuteleza kuelekea zizini, kwa mbuzi wawili wa maziwa wa Anyesi. Anyesi aliyaona macho hayo akasimama mbele ya zizi.

"Mbuzi wangu hachinjwi kwa maiti inayokohoa," alisema, akimwonyesha mumewe kwa mwiko. "Watu hawa utawalisha wewe, kesho alfajiri unakwenda porini. Ukirudi mikono mitupu, sitangoja Jumapili. Bunduki inatoka kwenye nyumba hii kesho hiyohiyo, na hapa mbele ya watu wote nasema."

"Na nikisema nimempiga akakimbia?"

"Hutasema. Nakwenda na wewe."

Waliondoka nyota bado zipo, yeye mbele na Mama Mkwe begani, Anyesi nyuma na kisu, shoka na kibuyu, na nyuma yao, mbali, waombolezaji wanaume kumi wenye nguvu, walioambiwa wasikohoe. Mzee Yotham alimwaga majivu ya mfukoni kuuliza upepo. Upepo ulikuwa unakuja usoni. Kulipoanza kupambazuka walifika ukingo wa mbuga, wakalala nyuma ya mti ulioanguka. Mbele yao, katika mwanga uliokuwa bado wa kijivu, vilisimama vitu vitano vyekundu.

Kwa macho yake vilikuwa kongoni watano. Au vichuguu vitano. Au wakwe zake watano. Akalaza bunduki juu ya gogo, akachungulia kikongwe. Vitu vikaja kwa adabu, kama mabehewa. Cha kwanza, kichuguu. Cha pili, kichuguu chenye nyasi. Cha tatu, cha nne, cha tano, akatazama, akatazama, akashusha pumzi.

"Vyote vichuguu," alinong'ona, na sauti yake ilizeeka miaka kumi.

"Hebu." Anyesi alimsukuma kwa kiwiko, akafunga jicho moja, akachungulia. Mdomo wake ulifunguka kama wa mtu aliyefunguliwa dirisha. "Yesu wangu, naona mpaka umande. Yotham, hiki cha nne hapa..."

"Kichuguu."

"Kichuguu kinacheua?"

Mzee Yotham akaichukua bunduki. Akalenga cha nne. Kichuguu kilikuwa na taya, na taya lilikuwa linakwenda kulia, kushoto, kulia. Juu yake kulikuwa na pembe zilizojikunja. Alikuwa dume, amesimama wima, mwekundu kama udongo wenyewe, anaitazama mbuga kama mwenye mbuga. Mzee Yotham alikalisha nyuzi mbili nyuma kidogo ya bega. Nyuzi hazikuhama. Alisahau Jumapili, akasahau Denis, akasahau waombolezaji mia na ishirini, na vilevile akasahau vidole vinne.

Mlio ulipita mbugani ukarudi. Mzee Yotham akajikuta chali, anaona mbingu, na kitu cha moto kinateremka puani.

"Yotham! Umejipiga mwenyewe!"

"Kioo kimenibusu tu." Alijishika juu ya nyusi, palikuwa na mwezi mchanga mwekundu, umechorwa vizuri kabisa. "Usinitazame mimi, mtazame yeye! Amekwenda wapi?"

Anyesi alisimama juu ya gogo. Hakuhitaji darubini. Alitupa kichwa nyuma, akapiga vigelegele ambavyo, mwenyewe Mzee Yotham husema, vilisikika mpaka Singida, na wale waombolezaji kumi wakaja mbio wakiimba wimbo uleule wa msiba, ila sasa kwa mwendo wa kucheza.

Saa nane mchana masufuria yalikuwa yanachemka uani, na mwinjilisti, baada ya kufikiri sana, aliibariki nyama kwa sala ya shukrani badala ya ile aliyokuwa ameiandaa. Ritha alipewa kwanza, tena maini, na paja la mbele zima la kwenda kuuza mahali pa vitunguu vyake. Wengine walikula mpaka wakalegeza mikanda. Mzee Yotham alikaa juu ya kigoda, kitambaa kimefungwa kichwani, akianza kueleza kwamba jeraha lile, kusema kweli, kongoni mwenyewe alimrushia pembe kutoka hatua mia mbili. Anyesi alikohoa mara moja. Hatua zikashuka mpaka mia, na pembe ikawa kioo.

Katikati ya kula akafika Denis, pikipiki imejaa vumbi, suti nyeusi, tai nyeusi. Habari zilimfikia Hombolo asubuhi, akaona si uungwana kungoja Jumapili. Alimwona Anyesi karibu na jiko, akamwendea kwa unyenyekevu.

"Shikamoo, mama. Pole sana, mama. Mzee alikuwa nguzo."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante."

"Sijui kama ni wakati wake, mama, lakini kuhusu ile bunduki... kwa kuwa sasa haitakuwa na mtumiaji..."

"Keti kwanza. Kula. Mpelekee na yule mzee pale bakuli lake la mchuzi, hawezi kuinuka vizuri."

Denis akalibeba bakuli kwa mikono miwili, akainama, akamkabidhi mzee mwenye kitambaa. Mzee akalipokea, akanywa funda moja, akamtazama.

"Umekuja kunizika, kijana, au kuninunua?"

Denis aliruka nyuma akapindua bakuli la mtu, na kicheko kilichofuata kiliwatawanya kuku mpaka kwa jirani. Denis mwenyewe akacheka kuliko wote, akavua tai, akaketi chini, akapewa ubavu.

"Mama, basi jibu langu ni nini?" aliuliza, mdomo umejaa.

Anyesi alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na Mama Mkwe mikononi, komeo limechomolewa, akakaa mlangoni, akailaza juu ya magoti, akafunga jicho moja na kuielekeza ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la mahindi la wifi yake.

"Jibu lako ni hapana," alisema, bila kutoa jicho kwenye kioo. "Bunduki haiuzwi. Kumbe yule mwanamke anakula mahindi mabichi na mimi ananiambia hayajakomaa!"

"Vidole vinne, mama," Mzee Yotham alimwambia, akinyoosha bakuli aongezewe mchuzi. "Jicho vidole vinne."